Mlengwa au Msemaji? Sauti ya Kijana wa Karagwe na Kyerwa Mbele ya Ulimwengu

Makala haya yanakusudia kuchunguza utanzu mmoja wa masimulizi ambao wahakiki wetu hawajaushughulikia vya kutosha, ingawa vijana wengi wanautunga na kuutumia kuliko wanavyotumia riwaya au tamthilia. Utanzu huo tutauita ushuhuda wa mradi. Ni yale maelezo mafupi, ya maandishi, ya sauti au ya picha za video, ambamo kijana wa kijijini huwaeleza watu wa mbali maisha yake, ili kuthibitisha kwamba maendeleo yamemfikia. Siku hizi ushuhuda huo hupelekwa kwa simu ya mkononi, na aghalabu husomwa Geneva au New York kabla haujasomwa Kayanga. Wenye kuupokea huuita ushiriki wa vijana katika masuala ya dunia. Sisi tunauliza maswali mawili: je, huo ni ushiriki kweli? Na ukitazamwa kama fasihi, una fani gani, na fani hiyo inamfanya nini yule anayeitumia?

Tumechagua wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012. Uchaguzi huu una sababu. Kwanza, huko yapo mapokeo mazito ya mtu kusimama mbele ya watu na kujieleza. Pili, Karagwe ni miongoni mwa sehemu za bara letu zilizoandikwa na wageni mapema sana, na tarehe za kuandikwa kwake zinajulikana.

Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe kwa Omukama Rumanyika, ambaye ikulu yake ilikuwa Bweranyange. Hawakuwa wageni wa kwanza kutoka pwani. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kuweka kituo chao Kafuro, na kwa hiyo Kiswahili kilikuwa kimekwisha sikika katika vilima vile. Rumanyika aliwapokea wageni wake kwa ukarimu mkubwa. Grant, aliyekuwa mgonjwa wa mguu, aliuguzwa huko kwa miezi kadhaa baada ya mwenzake kuendelea na safari ya Buganda mnamo Januari 1862. Kitabu cha Speke kilitolewa mwaka 1863. Ndani yake mna sifa nyingi za Rumanyika, lakini ukurasa uliovuta macho ya wasomaji wa Ulaya ni ule unaoeleza jinsi mwandishi alivyompima kwa utepe mwanamke mmoja wa nyumba ya kifalme: mkono, kifua, paja, shavu la mguu. Vipimo vyake viliandikwa kwa futi na inchi. Jina lake halikuandikwa.

Hatukumbushi kisa hiki kwa ajili ya kulalamika. Speke amekwisha kuhukumiwa na wengi, na kumhukumu tena hakutatuongezea kitu. Tunakikumbusha kwa sababu kinatupa kielelezo cha kwanza, chenye tarehe, cha jinsi habari za Karagwe zilivyotoka kwenda ulimwenguni: mtu wa Karagwe ni kitu kinachopimwa, na msemaji ni mwingine. Stanley alipita huko mwaka 1876, akaandika naye. Yafaa basi kuuliza kama simu ya mkononi imeigeuza hali hiyo, au imempa tu mpimwaji kazi ya kuushika utepe yeye mwenyewe.

Kwa upande wa pili, yatazameni mapokeo ya wenyeji. Wanyambo wa Karagwe na majirani zao Wahaya wanazo ghani za kujigamba ambazo Wahaya huziita ebyebugo. Katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, M. M. Mulokozi aliziweka ghani za aina hii katika kundi la maghani, akaziita majigambo au vivugo, na hivyo ndivyo walimu wetu wanavyozifundisha hadi leo. Kwa desturi, shujaa alisimama mbele ya Omukama, mkuki mkononi, akajitaja kwa jina lake la sifa, akaitaja asili yake, akataja mahali na tendo. Mambo haya manne, yaani jina, asili, mahali na tendo, ndiyo mifupa ya majigambo. Lugha yake ni ya mkato, yenye mafumbo na majina ya sifa, na kasi yake ni kubwa mno hata msikilizaji asiyezoea huachwa nyuma.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi ni sarufi yake. Vitenzi vya majigambo viko katika kauli ya kutenda, na mtendaji ni yule yule anayesema: nilivuka, nilisimama, niliwazuia, nilirudi. Hata anapomsifu Omukama, mwenye kughani humsifu akiwa mtu aliyefanya jambo kwa ajili yake, wala si mtu aliyefanyiwa.

Sasa tuchukue ushuhuda wa mradi. Tutatunga mfano wenyewe ili tusimnyooshee mtu kidole, na kila mwalimu aliyewahi kusoma maandishi ya namna hii ataona kwamba hatukutia chumvi. Kijana anaanza kwa kusema kwamba alizaliwa katika familia duni, kwamba hakuwa na matumaini. Halafu anasema alifikiwa na mradi. Alichaguliwa, akapewa mafunzo, akajengewa uwezo, akawezeshwa, akaunganishwa na wadau, na sasa ameshirikishwa katika jukwaa la kimataifa. Mwisho anashukuru. Hesabuni vitenzi hivyo. Kuanzia pale alipofikiwa mpaka pale aliposhirikishwa, kijana huyu hakutenda lolote. Yupo katika kauli ya kutendwa tangu mwanzo, na kitendo chake cha kwanza katika kauli ya kutenda ni kushukuru.

Hapana shaka kijana halisi aliye nyuma ya maneno hayo alitenda mengi. Aliamka alfajiri, alichota maji, alivuka vilima kwa miguu kwenda shule, alilima migomba ya mama yake, aliazima simu ya jirani. Lakini fani haikumpa mahali pa kuyaweka hayo isipokuwa katika aya ya kwanza, nayo ni aya ya taabu, ambamo kila tendo la mtu hugeuzwa kuwa dalili ya umaskini wake. Kutembea kilomita nane kwenda shule, ambako katika majigambo kungekuwa ushujaa, katika ushuhuda ni masikitiko.

Msamiati nao unafuata mkondo huo huo. Chukueni neno "mlengwa", ambalo limeenea katika ripoti zetu zote. Katika Kiswahili cha kawaida, kulenga ni kazi ya mwindaji au ya mtu mwenye jiwe na embe mtini. Kinacholengwa hakiulizwi. Au chukueni "kushirikishwa". Kushiriki ni kuwa na sehemu yako katika jambo. Ni tendo lako. Kushirikisha ni tendo la mwingine juu yako. Na kushirikishwa ni kuhesabiwa kwamba tendo la mwingine juu yako limekwisha. Anayesema vijana wameshirikishwa hajasema bado kwamba vijana wameshiriki. (Wapo watakaosema kwamba tunachezea viambishi. Tunawajibu kwamba lugha yetu imejaliwa viambishi hivyo ili tofauti za namna hii zisipotee.) Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1968 kuhusu uhuru na maendeleo, alishikilia kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza wenyewe. Hoja hiyo ilikuwa ya kisiasa, lakini ni ya sarufi pia.

Fani hii ilifikaje kwetu? Baadhi ya chanzo chake kimo katika historia ya karibuni. Mwaka 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda waliingia Ngara na Karagwe, wakakaa makambini hadi waliporudishwa mwishoni mwa 1996. Mashirika ya misaada yalikuja kwa wingi, na kila shirika lilihitaji maelezo ya kuwapelekea wafadhili wake. Mkimbizi alilazimika kueleza taabu yake ili apewe haki yake, na hilo linaeleweka. Kwa maoni yetu, fani iliyofaa kwa dharura ilibaki baada ya dharura kwisha, ikahamia kwa watu wasiokuwa wakimbizi, na sasa imeingia katika simu za watoto waliozaliwa muda mrefu baada ya makambi kufungwa. Hata hivyo haitakuwa haki kuyatwika mashirika lawama yote. Sisi walimu tumewafundisha vijana kuandika barua za kuomba kwa miaka mingi, lakini ni mara chache tumewafundisha kuandika barua za kudai, kupinga au kufafanua.

Hapa msomaji mwenye busara atatuuliza: mtu mwenye shida ataringa? Ushuhuda huleta karo, huleta bomba la maji, huleta kompyuta shuleni. Majigambo yataleta nini? Swali hili ni zito, na mhakiki anayelipuuza hastahili kusikilizwa na kijana wa Nkwenda au wa Murongo. Tena tukisema kweli, majigambo yenyewe hayakuwa mbali na kuomba. Aliyejigamba mbele ya Omukama alitazamia ng'ombe au ardhi. Alitia chumvi. Aliapa utii kwa mtawala ambaye pengine alimwogopa zaidi kuliko alivyompenda. Vita alivyovisifu vilikuwa vita vya kutwaa ng'ombe wa watu wengine. Na uwanja ule ulikuwa hasa wa wanaume. Mwanamke aliyepimwa na Speke hangepewa mkuki aseme. Atakayewaambia vijana warudi kwa majigambo kama yalivyokuwa, atakuwa anawauzia ukabaila uliopakwa rangi ya utamaduni. Mamlaka ya machifu yaliondolewa mwaka 1963, na hatuna sababu ya kuyalilia.

Vile vile kijana anayetoa ushuhuda si mjinga. Mara nyingi ni fanani hodari anayeijua hadhira yake. Anajua aya ya taabu inatakiwa, naye anaitoa, kama vile mghani alivyojua kwamba jina la Omukama lazima litajwe. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba fani moja ni ya kweli na nyingine ni ya uongo. Zote mbili ni sanaa ya kusema mbele ya mwenye kutoa.

Tofauti iko wapi basi? Iko katika hadhira. Mwenye kujigamba alipotaja mto na siku na adui, pembeni yake walisimama wenzake waliokuwa naye mtoni. Kama hakuvuka, walijua. Kicheko chao kilikuwa hukumu. Chumvi iliruhusiwa, hata ilipendwa, lakini uongo mtupu ulikuwa na gharama yake pale pale uwanjani. Ushuhuda wa mradi hauna mashahidi. Unasemwa Karagwe na kusikilizwa kwingine. Wanaoweza kuupima ukweli wake hawausikii, na wanaousikia hawawezi kuupima. Jirani hajui kwamba ameandikwa kuwa mtu asiyejua umuhimu wa elimu. Mama hajui kwamba katika ushuhuda wa mwanawe yeye ni mwanamke aliyekata tamaa. Hapo ndipo penye kasoro ya fani hii, na ndiyo maana tunaona kwamba kuongeza simu na minara peke yake hakutaiponya. Mnara unapeleka sauti mbali. Hauirudishi nyumbani.

Mapokeo ya nanga yanatuonyesha jambo hilo kwa njia nyingine. Mulokozi, ambaye ni mzaliwa wa Kagera, aliwatetea mafanani wa nanga katika makala ya mwaka 1983 akionyesha kwamba tungo zao ni tendi za kweli, kinyume cha wataalamu wa nje waliodai kwamba Afrika haina utendi. Fanani wa nanga hukaa na chombo chake mapajani, akaimba na kusimulia, na waliomzunguka humwitikia, humchochea, humkatiza. Kisa kimoja hakiwi kile kile katika nyumba mbili. Hadhira ya nanga haishirikishwi, inashiriki. Isipoitikia, utendi hufa katikati.

Je, vyombo vya kisasa vimewahi kuwa na mwitikio kama huo katika nchi yetu? Vimewahi. Wanafunzi wa leo huenda hawajui kwamba kanda ya Ziwa ilikuwa uwanja wa majaribio makubwa ya elimu ya watu wazima. Kati ya 1968 na 1972 serikali na Unesco ziliendesha mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao ndio uliopewa jina la Kagera mwaka 1979. Vitabu vya kisomo vilihusu pamba, migomba, uvuvi na mifugo, yaani mambo ambayo msomaji aliyajua kuliko mwandishi. Likafuata gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho, lililochapishwa Mwanza. Na mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walijiunga katika vikundi vya kusikiliza. Walikaa pamoja, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kulinda chemchemi. Katika sensa ya 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67. Kufikia 1986 walikuwa wamepungua chini ya asilimia 10.

Tusiyapambe mambo hayo kupita kiasi. Ajenda ya Mtu ni Afya ilitoka juu; mwananchi alijadili namna ya kutekeleza, hakuchagua jambo la kujadili. Hata hivyo kampeni hiyo ilikuwa na kitu ambacho majukwaa mengi ya leo ya intaneti hayana: watu walisikiliza wakiwa pamoja, katika lugha wanayoimudu, na aliyesema upuuzi alijibiwa na jirani yake usoni.

Karagwe yenyewe imeendeleza jambo hilo kwa kiasi fulani. Asasi ya FADECO, ambayo ina makao yake huko, ilianza na kituo cha kuwapatia wakulima habari, ikaendelea hadi kuwa na redio ya kijamii. Redio hiyo huzungumzia kilimo, afya, elimu na shughuli za wilaya, na msikilizaji mwenye simu hupiga kuuliza au kubisha. Tukiipima kwa kigezo chetu cha hadhira, redio ya namna hii imekaribia uwanja wa majigambo kuliko ushuhuda wa mradi unavyoweza kukaribia. Kijana anayetamka redioni kwamba kijiji chake kimeshinda mnyauko wa migomba, anasikilizwa na wenye migomba hiyo. Akidanganya, simu italia. Upungufu uliopo ni kwamba mpigaji hulipia simu yake, na katika nyumba nyingi simu yenye salio iko mfukoni mwa baba. Kwa hiyo sauti za wasichana husikika kidogo kuliko idadi yao, na watangazaji wanaoona mbali huzifuata sauti hizo shuleni na sokoni badala ya kuzingoja.

Suala la lugha halikwepeki. Kijana wa Kyerwa anaota kwa Kinyambo, anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anasoma sekondari kwa Kiingereza. Umoja wa Mataifa una lugha sita rasmi, na Kiswahili si mojawapo, ingawa Unesco iliitangaza mwaka 2021 tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Umoja wa Mataifa ulipopitisha mkataba wake wa dunia kuhusu mambo ya kidijiti, mwezi Septemba 2024, haukupungukiwa maneno mazuri kuhusu vijana. Lakini kijana anayetaka kuyajibu maneno hayo lazima ajibu kwa lugha yake ya tatu. Katika lugha ya tatu mtu husema anachoweza, wala si anachotaka, na njia rahisi ni kuazima maneno yaliyokwisha tengenezwa. Ndiyo sababu shuhuda zinafanana. Si kwamba maisha ya vijana yanafanana. Ni Kiingereza chao cha kuazima kinachofanana.

Kwamba lugha ya nyumbani si kizuizi, tuna ushahidi kutoka mkoa huo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli, mwimbaji kutoka Bukoba, aliimba kwa Kihaya nyimbo zilizopendwa nchi nzima na watu ambao hawakuelewa neno hata moja. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutengeneza upya wimbo wake kwa jina la Salome, nao ukatazamwa kwa mamilioni ya mara kwenye mtandao. Yule dada hakuanza kwa kuomba radhi kwamba anatoka kijijini.

Sasa tuje kwenye jambo la mkate wa kila siku, maana mjadala wa fani usiogusa kahawa hautaeleweka Karagwe. Kahawa ilikuwapo Kagera kabla ya ukoloni: ilichemshwa, ikakaushwa, ikatafunwa, ikapewa wageni, na watu walichanjia udugu kwa punje zake mbili. Leo ndiyo zao la fedha la wilaya zote mbili. Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, KDCU, kilichoanzishwa mwaka 1990, kimeiuza hadi Ulaya. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kila kahawa inayoingia huko iambatane na taarifa ya mahali hasa ilipolimwa, yaani vipimo vya kijiografia vya shamba lenyewe, ili ithibitike kwamba msitu haukukatwa baada ya mwaka 2020. Utekelezaji wa sheria hiyo umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sharti lenyewe halikuachwa. Kwa shamba lisilozidi hekta nne yatosha nukta moja. Na mashamba ya wakulima wetu wengi ni madogo kuliko hapo.

Ili kupata nukta hiyo, mtu lazima aende shambani na chombo. Ni kazi inayomfaa kijana mwenye simu, na wengi wataiita ushiriki wa vijana katika uchumi wa kidijiti. Nasi tunasema inaweza kuwa ushiriki, na inaweza pia kuwa utepe wa Speke umerudi. Itategemea ni nini kinachoandikwa pamoja na ile nukta. Kibanja cha babu si nukta. Kina mibuni chini ya migomba, kina maharage katikati, kina miti ya kivuli yenye majina. Setilaiti inayotazama kutoka juu huweza kuudhania mchanganyiko huo kuwa msitu, na mkulima aliyetunza miti kwa miaka hamsini akahesabiwa kuwa amevamia pori. Nani atakayeieleza Ulaya kwamba mbuni huu ulipandwa na bibi fulani mwaka fulani, kabla Ulaya haijaanza kuhesabu? Ni yule kijana, kama akijua. Jina, asili, mahali, tendo: ile mifupa minne ya majigambo ndiyo hasa inayotakiwa katika utetezi wa shamba. Kijana anayejua kuhesabu nukta lakini hajui kuisimulia nukta hiyo ataipeleka takwimu ya babu yake ugenini bila mtetezi. Na kijana aliyeifanya kazi hiyo bila kumwuliza babu nani ataitunza taarifa ya shamba lake, na kwa faida ya nani, ameshirikishwa tu.

Tumalizie kwa walimu wa Kiswahili, kwa kuwa majigambo yamo katika ufundishaji wa fasihi simulizi na kwa kawaida hufundishwa kama kitu cha kale cha kukariri sifa zake kwa ajili ya mtihani. Tunapendekeza zoezi moja la wiki mbili kwa kidato cha tatu. Wiki ya kwanza kila mwanafunzi aandike, kwa Kiswahili, maelezo ya nusu ukurasa kuhusu jambo moja la maendeleo ambalo yeye au jamaa yake amelifanya: kisima, kitalu cha kahawa, kikundi cha kuweka fedha, programu ya kompyuta aliyoijaribu. Wasipewe kielelezo chochote. Darasa lihesabu vitenzi vya kutendwa na vya kutenda, na tarakimu ziandikwe ubaoni. Wiki ya pili jambo lile lile lighaniwe kwa mdomo, kwa Kinyambo, Kihaya au Kiswahili, mbele ya watu wawili au watatu kutoka kijijini walioliona likifanyika, wenye ruhusa kamili ya kucheka na kukatiza. Wasichana wapewe nafasi ya kwanza, kwa kuwa mapokeo yaliwanyima. Kisha maandishi yarekebishwe kufuatana na yale yaliyokubaliwa na mashahidi, na baada ya hapo tu ndipo yatafsiriwe kwa Kiingereza, ikiwa kuna wa kupelekewa.

Mwalimu atakayejaribu zoezi hili asishangae kuona maandishi ya pili ni mafupi kuliko ya kwanza. Aya ya taabu huwa ya kwanza kuondolewa, mara nyingi na mama mwenyewe, kwa kuuliza tu: "Ni nani aliyekuambia kwamba sisi tulikata tamaa?"